Alama ya reli au njia safi? Kuchagua mpangilio wa anwani kwa programu za ukurasa mmoja

Mteja mmoja wa duka la vipuri vya pikipiki aliingia kwenye tovuti tuliyomtengenezea mwenye duka, akatafuta plagi, akachuja kwa chapa na bei, akaipata. Akanakili anwani iliyokuwa juu ya kivinjari akamtumia fundi wake kwa WhatsApp: "Cheki, ni hii?" Fundi akafungua. Akajibu: "Hamna kitu hapa bosi." Mteja akapiga simu dukani, mwenye duka akanipigia mimi. Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu, nikabofya kuanzia ukurasa wa mwanzo hadi kwenye ile plagi, kila kitu sawasawa. Nikabonyeza F5 kuupakia upya. 404: ukurasa haukupatikana.

Aliyewahi kutengeneza programu ya ukurasa mmoja anaijua siku hiyo. Programu ya aina hii huletwa na seva mara moja tu: faili moja la HTML na mzigo wa JavaScript. Baada ya hapo JavaScript ndiyo inayobadilisha skrini, na ndiyo inayobadilisha hata ile anwani ya juu. Seva haikuambiwa lolote. Ukiwa ndani unazunguka utakavyo, lakini anwani ikitoka nje na kurudi kupitia mlango wa mbele, seva inaulizwa habari za `/vipuri/plagi/318` na kwenye diski yake hakuna folda wala faili la jina hilo.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu sitauliza sana maktaba ipi ya msimbo ina nyota nyingi. Nitauliza kitu kimoja kwa kila chaguo: mtu ambaye hajapitia ukurasa wa mwanzo akifungua anwani hii, atafika? Yule fundi ndiye hakimu wangu.

Reli dhidi ya njia safi

Anwani mbili, ukurasa uleule:

```
https://duka.example/#/vipuri/plagi/318
https://duka.example/vipuri/plagi/318
```

Kwenye ya kwanza, chochote kilicho baada ya alama ya reli hubaki ndani ya kivinjari. Hiyo ni kanuni ya wavuti wenyewe, maktaba haihusiki: kipande cha baada ya `#` hakitumwi kwa seva. Seva inaona `/` na inarudisha ukurasa wa mwanzo kila mara, kisha JavaScript inasoma kilichobaki na kuchora ukurasa unaohusika. Kikibadilika, kivinjari hutoa tukio la `hashchange`, ambalo hata Internet Explorer 8 ililijua.

Ya pili inategemea `pushState`, `replaceState` na `popstate`, zana za historia zilizokuja na HTML5. Internet Explorer ilizipata kwenye toleo la 10, mwaka 2012. Ndiyo maana programu nyingi za miaka ile zimejaa reli: njia safi ingewaacha nje watumiaji wengi mno.

| | Alama ya reli | Njia safi |
|---|---|---|
| Seva inaona nini | `/` tu | anwani nzima |
| Kusanidi seva | hakuhitajiki | lazima |
| Kadi ya WhatsApp yenye picha na kichwa | moja kwa kurasa zote | ya kila ukurasa, ukiifanyia kazi |
| Injini za utafutaji | huona ukurasa mmoja | zinaweza kuona kila ukurasa |
| `#` ya kushukia katikati ya ukurasa | imeshakaliwa | iko huru |
| Kuielekeza kwingine anwani ya zamani | kwa JavaScript pekee | kwa seva |

Mstari wa mwisho ndio unaodharauliwa zaidi, na historia ina kesi yake. Mwaka 2009 Google ilipendekeza mtindo wa `#!` ili boti lake liweze kusoma programu za JavaScript: likiona alama hizo, liombe seva toleo maalumu la ukurasa. Twitter iliufuata mtindo huo mwaka 2010, na mwaka 2012 ikaanza kuuacha. Tovuti za Gawker ziliufuata Februari 2011, na siku JavaScript ilipokataa kupakia, kurasa zote zikawa tupu kwa mpigo, hata makala ya miaka ya nyuma ambayo hayakuhitaji JavaScript hata chembe. Oktoba 2015 Google yenyewe ikatangaza kwamba haipendekezi tena. Sasa, waliokuwa wamesambaza viungo vya `#!` wafanye nini? Seva haiwezi kusema "ukurasa huu umehamia kule", kwa sababu sehemu ya anwani inayotaja ukurasa haiifikii. Ukiondoka kwenye reli, unaacha msimbo mdogo mlangoni wa kusoma anwani za zamani, nao unakaa hapo miaka na miaka.

Nimesema hayo yote, lakini msinielewe vibaya: reli si aibu. Kuna ofisi moja niliyoitengenezea mfumo wa masjala, wa kufuatilia barua zinazoingia na kutoka. Seva ilikuwa yao, imeshabeba mifumo mingine mitatu, na mtu wao wa TEHAMA alinipa sharti moja: "Tunakupa folda. Usiguse kingine chochote." Hakuna Google inayotakiwa kuona barua zile. Hakuna anayezituma kwenye WhatsApp (au basi, hatakiwi). Nikachagua reli, nikaweka mafaili kwenye folda, nikaondoka. Hakuna siku mfumo ulitoa 404 kwa sababu ya anwani.

Uliponisumbua ni kwenye kuingia. Ofisi ilikuwa na mfumo mmoja wa nywila kwa wote, wa mtindo wa zamani wa OAuth, unaomrudisha mtumiaji akiwa na tokeni (kibali chake cha kuingia) baada ya reli: `#access_token=...`. Rauta yangu, ile sehemu ya programu inayosoma anwani na kuchagua ukurasa, nayo ilidai kila kilicho baada ya reli ni mali yake. Ikasoma tokeni kama jina la ukurasa, ikasema ukurasa huo haupo, ikafuta, ikampeleka mtumiaji mwanzo, ambako aliambiwa aingie tena. Mzunguko usiokwisha. Dawa ilikuwa kuichukua tokeni kabla ya kuiwasha rauta. Siku hizi mtindo unaopendekezwa hurudisha `?code=` kabla ya reli, kwa hiyo mgongano umepungua, lakini bado anwani ya kurudia hairuhusiwi kuwa na reli ndani yake. Yaani kwa programu ya reli, kila anayeingia hurudishwa mlangoni, na ni kazi yako kukumbuka alikuwa anakwenda wapi.

Gharama ya njia safi

Gharama yenyewe ni mstari mmoja, kama unaruhusiwa kuuandika. Kwa seva ya nginx:

```
location / {
    try_files $uri $uri/ /index.html;
}
```

Maana yake: tafuta faili la jina hilo, likikosekana, tafuta folda, nayo ikikosekana, toa `index.html` na iachie JavaScript iamue. Kwa Apache, ambayo utaikuta kwenye hosti nyingi za bei nafuu zenye cPanel, andika `FallbackResource /index.html` ndani ya `.htaccess`. Duka la vipuri lilipona hivyo, dakika tano. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti, haina usanidi wa aina hii, hivyo watu hunakili `index.html` na kuiita `404.html`. Ukurasa unafunguka, mtumiaji hajui kitu, ila seva bado inatamka 404 chini kwa chini na boti la utafutaji linaondoka likiamini hakuna kitu. Kwa majaribio, sawa. Kwa duka, hapana.

Baada ya mstari huo huja mtego ambao umewakesha wengi. Fundi anafungua `/vipuri/plagi/318`, ukurasa mweupe, na kwenye konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa, kuna hiki:

```
Uncaught SyntaxError: Unexpected token '<'
```

Unaanza kusaka kosa la `<` ndani ya JavaScript yako. Hulioni, kwa sababu halipo. Kwenye HTML uliandika `src="js/app.js"` bila mkwaju (`/`) mwanzoni. Ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo, hiyo ni `/js/app.js`. Ukiwa kwenye `/vipuri/plagi/318`, kivinjari kinaielewa kuwa `/vipuri/plagi/js/app.js`. Seva inatafuta, haioni, na kwa utii wa ule mstari uliouandika mwenyewe inarudisha `index.html`. Kivinjari kilisubiri JavaScript, kikapokea `<!DOCTYPE html>`. Ile `<` ndiyo herufi ya kwanza iliyokikwama kooni. Anza njia zote kwa `/`, au weka `<base href="/">` juu ya ukurasa.

Kosa hilohilo hurudi kwa sura nyingine siku unapopandisha toleo jipya mchana wakati mtu amefungua programu tangu asubuhi: anabofya, programu yake ya zamani inaomba kipande cha JavaScript ambacho umeshakifuta, inapewa HTML. Na hurudi tena ukikosea jina la API, anwani ambayo programu huombea data, kwa sababu `/api/vipuli` isiyokuwepo itajibu 200 na ukurasa mzima wa HTML badala ya kukuambia imekosekana. Itoe folda ya API na ya mafaili nje ya ule mstari. Vilivyokosekana humo viseme vimekosekana.

Kuhusu kadi ya WhatsApp, ile yenye picha na kichwa inayotokea chini ya kiungo, nimesikia wengi wakidhani kuhamia njia safi kunaitatua. Hakutatui. WhatsApp inasoma vitambulisho vya `og:` ndani ya HTML iliyotoka kwenye seva, na haiendeshi JavaScript yako. Ukiwa na `index.html` moja kwa anwani zote, plagi, tairi na king'ora vyote vitatokea na nembo ya duka na maneno "Karibu dukani". Tofauti ni kwamba kwenye njia safi *unaweza* kurekebisha, kwa kuwa seva inaona ni bidhaa gani imeombwa. Kwa lile duka hatukuhitaji kuandika programu upya ili ichorwe kwenye seva. Tulibadilisha `index.html` kuwa `index.php` ya mistari kama thelathini: inasoma namba kwenye anwani, inachukua jina, bei na picha kutoka hifadhidata, inavipachika kwenye `og:title` na `og:image`, kisha inatoa HTML ileile. Namba isipokuwepo, inatamka 404 ya kweli. Kwa biashara inayouza kupitia magrupu, kazi hiyo ya jioni moja ilikuwa na faida kuliko kila kitu kingine nilichoifanyia tovuti ile.

Orodha au folda

Chaguo la pili ni mahali pa kuandika njia zako. Zana kama Vue Router, React Router na Angular hukuacha uandike orodha: njia hii, komponenti (kipande cha skrini) hii. Next.js, Nuxt na SvelteKit huisoma miti ya folda zako: faili ndani ya folda `vipuri/[id]` ni ukurasa wa kipuri, na `[...mengine]` humeza kilichobaki chote.

Folda hupendeza kwa timu ambayo watu huja na kuondoka. Mgeni akiulizwa ukurasa wa malipo uko wapi, anafungua folda ya `malipo`, mjadala umekwisha. Ila zinabana pale njia zinapotokana na data: menyu inayobadilika kwa cheo cha mtumiaji, au tovuti ya lugha mbili inayotaka `/sw/vipuri` na `/en/parts` zielekee ukurasa mmoja. Kwa orodha, hiyo ni mistari miwili. Kwa folda, unaanza kurudufu folda au kuandika msimbo wa kubadili anwani kabla haijafika, na ule urahisi uliokuvutia unaondoka.

Kuna jambo la ndani ambalo kurasa za mwanzo za miongozo hazilitilii uzito, nalo ni nani anashinda njia mbili zikifanana. Chukua `/barua/mpya` na `/barua/:id`. Angular husoma orodha kutoka juu na kuchukua ya kwanza inayofaa. Ukiitanguliza `:id`, mtu anayebofya "Barua mpya" atapelekwa kwenye ukurasa unaotafuta barua yenye namba "mpya". React Router tangu toleo la 6 la mwaka 2021, na Vue Router tangu toleo la 4, huzipa njia alama: neno kamili huishinda nafasi ya kujazwa, kwa hiyo mpangilio wako haujalishi. Kwa timu ya watu wanne wanaoongeza njia kila wiki, napendelea hizo za alama. Kwa upande mwingine, Vue inakuruhusu kuandika `/barua/:id(\\d+)`, kwamba namba tu ndiyo ipite, wakati React Router 6 iliiondoa ruhusa hiyo. SvelteKit ina vichujio vyake kwenye folda ya `params`. Angular inakupa nafasi ya kuandika kichujio kwa mkono.

Herufi kubwa na ndogo nazo: Vue na React Router hazijali kwa kawaida, Angular inajali. Mtu akiandika anwani kwa mkono baada ya kuisikia redioni, `Vipuri` ni kitu cha kutegemea.

Ndani ya njia au baada ya alama ya kuuliza

Hapa ndipo unyumbufu wa anwani hupatikana au hupotea, kuliko kwenye maktaba yoyote. Mgawanyo wangu: kitu chenyewe kiwe kwenye njia, namna unavyokitazama iwe baada ya `?`. Kipuri namba 318 ni `/vipuri/318`. Vipuri vilivyochujwa kwa chapa, kupangwa kwa bei, ukurasa wa tatu, ni `/vipuri?chapa=...&panga=bei&ukurasa=3`. Ukipanga vichujio ndani ya njia, kama `/vipuri/chapa/x/bei/y`, umelazimisha mfuatano: siku mtu atakapotaka bei bila chapa, utaanza kuweka neno "zote" katikati. Vigezo vya baada ya `?` havina foleni. Kimoja kikikosekana, vingine vinaendelea.

Lakini vina adabu yao. Kisanduku cha kutafuta kikiandika anwani mpya kwa `pushState` kila herufi inapoguswa, neno "plagi" ni hatua tano za historia, na mtu anayetaka kurudi atabonyeza mara tano akiona "plag", "pla", "pl". Atafunga dirisha. Safari nayo inaweka kikomo: ukizidisha mara 100 ndani ya sekunde chache, inakataa na kutoa kosa. Tumia `replaceState`, inayobadilisha anwani bila kuongeza hatua ya historia, tena subiri kidogo baada ya mtu kuacha kuandika, maana kikomo hicho hakibagui. Hifadhi `pushState` kwa hatua ambazo mtu mwenyewe angesema "nimekwenda mahali": kafungua bidhaa, kabadili kundi.

Turudi masjala, kwa sababu hapo nilipata somo ambalo duka lisingenipa. Kila barua ina kumbukumbu namba, na karani alitaka anwani iwe hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo anayoijua kichwani. Namba zenyewe zina sura kama `HW/M.20/5/117`. Mikwaju mitatu. Kwa rauta, hiyo si namba moja bali vipande vinne. Nikaifunga kwa `encodeURIComponent`, ikawa `HW%2FM.20%2F5%2F117`, na kwa kuwa tulikuwa kwenye reli, seva haikuhusika na mambo yakaenda. Kwenye njia safi ingekuwa kesi nyingine: Apache, isiposanidiwa vinginevyo, hukataa `%2F` ndani ya njia na kujibu 404 kabla programu yako haijaamka. Na ile nukta ya `M.20` huzichanganya baadhi ya seva za majaribio, zinazodhani njia yenye nukta ni faili.

Nilijaribu pia njia ya kumeza yote, `/barua/:kumb(.*)`. Ilifanya kazi wiki moja, hadi walipotaka `/barua/.../historia`, na rauta ikaamini "historia" ni sehemu ya kumbukumbu namba. Mwisho tukaelewana na karani: anwani ni `/barua/5821`, namba ya mfumo isiyo na maana yoyote, na kumbukumbu namba imeandikwa kubwa juu ya ukurasa. Akitaka kutafuta kwa ile anayoijua, kuna `/barua?kumb=`, ambako mikwaju haimdhuru mtu. Alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu walibadilisha mfumo wa majalada, kumbukumbu namba za idara nzima zikaandikwa upya, na anwani zetu hazikutikisika.

Kwa maneno yetu yenye ng', duka lilinipa tatizo dogo la aina yake. King'ora cha pikipiki. Aliyeandika kwa kompyuta aliweka alama ya kawaida `'`, ambayo `encodeURIComponent` huiacha ilivyo. Aliyeandika kwa iPhone aliwekewa alama iliyopinda, ikageuka `king%E2%80%99ora`. Wa tatu akaandika `kingora`. Anwani tatu, kipuri kimoja. Suluhisho ni kutanguliza namba: `/vipuri/902-kingora`. Msimbo unasoma 902 na kuishia hapo. Jina ni la macho ya watu. Likiwa limekosewa au limebadilishwa, ukurasa unafunguka, kisha `replaceState` inaliweka sahihi kimyakimya.

Na ile API mpya?

Chrome 102 ya mwaka 2022 ilileta Navigation API: tukio moja la `navigate` linalonasa kila kitu, viungo, fomu, kitufe cha kurudi, badala ya kukimbizana na `popstate` huku na kubofya kule. Ni safi kuliko zana za zamani, lakini vivinjari vingine vilichelewa kuifuata, na simu za watumiaji wetu hazibadilishwi kila mwaka. Ukitumia rauta ya maktaba, waachie wenye maktaba wahamie. Nisingeandika upya programu inayofanya kazi kwa ajili yake.

Mimi ningechukua nini

Duka, gazeti, tovuti ya shule, chochote ambacho kiungo chake kitasafiri kwa WhatsApp: njia safi, pamoja na ile kazi ya `og:`. Huna ruhusa ya kusanidi seva na huwezi kuipata: reli, bila kuomba radhi. Mfumo wa ndani ya ofisi wenye seva yako mwenyewe: njia safi, lakini ukiwa na haraka, reli haitakuangusha. Folda kama timu inabadilika na njia hazitokani na data. Orodha kama lugha ni mbili au menyu ni za vyeo. Kwa anayeanza leo akiwa hajui mradi utaelekea wapi, ningesema njia safi na orodha, namba kabla ya jina, vichujio baada ya `?`.

Na kama umeanza na reli ukataka kuhama, inawezekana, tulihama. Baada ya miaka mitatu masjala walipata seva ya peke yao. Seva ya zamani ikaambiwa ielekeze ile folda yetu kwenye anwani mpya, na hapa kuna bahati: kivinjari kikielekezwa kwingine, kipande cha baada ya reli hukibeba chenyewe, ingawa seva haikukiona. Kikifika mlango mpya, mistari hii inakisubiri, kabla rauta haijawashwa:

```
if (location.hash.startsWith('#/')) {
  history.replaceState(null, '', location.hash.slice(1));
}
```

Niliambiwa na kijana tuliyemwachia mfumo kwamba alitaka kuifuta, haijui inafanya nini. Nikamwomba aende kwenye makabati. Kila karatasi ya mzunguko wa barua iliyochapishwa miaka ile mitatu ina msimbo wa QR kwenye kona, na ndani ya kila msimbo kuna `#`. Alichukua jalada la kwanza lililomjia mkononi, akaupiga kwa simu yake, barua ikafunguka.